Saa ya Mashine na Namba Inayotoka: Tathmini ya Maabara Moja ya Pamoja Jijini Nairobi

Ninafundisha kemia katika chuo kidogo cha hapa Nairobi, ambacho maabara yake ina mizani mbili, tanuri moja linalofika nyuzi 900 likiamka vizuri, kipimarangi kimoja, na sinki ambazo zimekwisha kuzoea asidi. Vifaa hivyo vinatosha kumfundishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu mwenye mradi wa utafiti vinamfikisha mlangoni na kumwacha hapo, kwa kuwa mashine ya kutambua fuwele kwa eksirei, au ile ya kupima eneo la uso wa unga, hugharimu mamilioni ya shilingi kununua na mengine mengi kuitunza, na hakuna chuo cha ukubwa wetu kitakachoinunua ili itumike mara mbili kwa mwezi. Ndiyo maana sisi, kama wengi, tulijiunga na maabara ya pamoja: unalipa kwa sampuli au kwa saa, unatumia mashine ya wote, unaondoka na matokeo yako.

Nimekuwa mteja wa maabara mojawapo kwa miezi kumi na minne. Sitaitaja kwa jina, kwanza kwa sababu nina malalamiko ambayo wenyewe nimekwisha kuwaeleza ana kwa ana, na pili kwa sababu mengi nitakayoyasema yatamfaa mteja wa maabara yoyote ya aina hii. Jambo ninaloomba msomaji alishike mapema ni kwamba orodha ya bei huuza saa za mashine, ilhali mtafiti anahitaji namba anayoweza kuitetea mbele ya mtu asiyempenda. Nimepima kila chumba cha maabara hiyo kwa kipimo hicho.

Mradi wetu ni wa mkaa. Tunachukua gugumaji la Ziwa Victoria, ambalo hutufikia kwa basi la usiku kutoka Kisumu likiwa limeanikwa na kufungwa kwenye magunia, tunalichoma bila hewa ndani ya kopo zito lenye mfuniko tulilochongewa na fundi wa juakali wa Kamukunji, kisha tunalipika tena pamoja na hidroksidi ya potasiamu ili litobolewe vinyweleo. Mkaa huo tunauvika chembe za nano za oksidi ya chuma, ili ukishanasa madini ya risasi kutoka kwenye maji uweze kuvutwa kwa sumaku badala ya kuchujwa. Mkaa usiovikwa chuma tunaupeleka upande wa nishati, kuona kama unafaa kuwa elektrodi ya superkapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji juu ya uso wa kaboni na kuitoa kwa haraka kuliko betri. Kwa hiyo mradi mmoja unatupitisha karibu vyumba vyote vya maabara hiyo, na ndiyo sababu nimethubutu kuitathmini.

Kwa nini risasi? Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, walitunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, katika kesi iliyoendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kesi kama hiyo husimama juu ya vipimo vya udongo, maji na damu, na kila kipimo kina wakili wa upande wa pili anayekisubiri. Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu jambo hilo kila wanapotaka kufuta tarakimu isiyowapendeza.

Kuweka nafasi ni rahisi. Unajaza fomu mtandaoni, unapata ankara, unalipa kwa M-Pesa au benki, unapewa siku. Wanafunzi wenye barua ya msimamizi hulipa nusu. Wataomba nakala ya leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nao wana haki, kwa sababu sheria ya mwaka 2013 inaitaka. Kasoro ya fomu ni kwamba inauliza jina la sampuli, idadi yake na mashine unayoitaka, lakini haiulizi popote ni swali gani unataka kulijibu. Mgonjwa anayeingia duka la dawa na kuagiza kidonge kwa jina atauziwa kidonge. Kama ndicho kinachotibu maradhi yake, hilo ni lake na Mungu wake.

Chumba ninachokipenda ni cha eksirei za fuwele. Mashine hupiga unga kwa mionzi inayotoka kwenye shaba, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, na kwa kuwa matabaka ya atomu ndani ya fuwele yamepangana kwa umbali unaolingana na wimbi hilo, mionzi hurudi kwa nguvu katika pembe fulani tu. Kila fuwele ina pembe zake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole. Anayeiendesha ni mama mmoja wa makamo, ambaye wanafunzi humwita Mama na yeye huniita mwalimu, na nikiambiwa nichague kati yake na mashine mpya, nitamchagua yeye kabla sentensi haijaisha.

Sampuli yetu ya kwanza ilikuwa mkaa mtupu. Nilitarajia grafu yenye kilima kimoja kipana, kwa sababu mkaa hauna fuwele za maana, na nikaona kilima hicho, lakini kwenye pembe ya karibu nyuzi 28 ulisimama mnara mwembamba kama mnara wa simu katikati ya shamba la chai. Mama aliutazama, akauliza tumeusafisha mkaa mara ngapi. Nilimjibu kuwa mara moja. Akasema, "Mwalimu, hiyo ni kloridi ya potasiamu. Kwetu bibi zetu walikuwa wakichoma majani, wanachuja majivu, wanalainishia mboga. Hii mimea ya majini imejaa chumvi. Rudi ukaoshe." Tuliosha kwa asidi hafifu na maji ya moto mara nne, mnara ukatoweka. Hakuna mahali popote kwenye ankara palipoandikwa malipo ya maneno hayo.

Sampuli ya pili, ile yenye oksidi ya chuma, ilitoka mbaya zaidi. Grafu nzima ilikuwa imeinuka juu, mistari ikizama ndani ya kelele, na kama ningekuwa nimetuma sampuli kwa mjumbe ningeletewa picha hiyo pamoja na risiti. Sababu yake inafahamika: mionzi ya shaba ina nishati ya takriban kilo-elektronivolti 8.05, na hiyo inazidi kidogo nishati ya 7.11 inayotosha kung'oa elektroni ya ndani kabisa ya atomu ya chuma, hivyo chuma hufyonza mionzi na kuanza kung'aa chenyewe kwa mionzi yake. "Shaba ikimmulika chuma, chuma naye hupiga kelele," alisema Mama, akapunguza dirisha la nishati la kipokezi ili kiache kusikiliza kelele hiyo, akaiacha mashine itembee polepole usiku kucha badala ya dakika ishirini. Asubuhi mistari ilikuwa imesimama, mkubwa wake kwenye pembe ya karibu nyuzi 35.5.

Nilitaka kuandika kuwa tumepata magnetaiti, oksidi ya chuma yenye usumaku. Akanizuia tena. Magnetaiti na maghemaiti, ambayo ndiyo magnetaiti iliyokwisha kula oksijeni ya hewa, zina mpangilio wa atomu unaokaribiana mno, na chembe zikiwa ndogo mistari huwa mipana kiasi kwamba mashine hiyo haiwezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Ripoti yetu leo inasema "oksidi ya chuma yenye muundo wa spineli", yaani mpangilio ambao zote mbili zinao, maneno yasiyovutia sana kwenye kichwa cha makala lakini ambayo hakuna mhakiki atakayeyachoma. Ukubwa wa chembe tuliukokotoa kwa mlinganyo wa Scherrer wa mwaka 1918, ambao hutumia upana wa mstari: kadiri chembe inavyokuwa ndogo, ndivyo mstari unavyotanuka. Hesabu ya kwanza ilitupa nanomita 9. Mama aliuliza kama tumeondoa upana unaotokana na mashine yenyewe, hatukuwa tumeondoa. Alitupatia kipimo cha unga rejea wa silikoni alichokifanya juma hilohilo, na namba ikawa 11. Katika faili letu zipo zote mbili, pamoja na maelezo ya kwa nini ya kwanza haifai.

Upande wa metali nzito nina sifa na lawama kwa pamoja. Mashine yao hunyunyiza sampuli ndani ya mwali wa hewa na asetilini wenye joto la karibu nyuzi 2,300, ambamo atomu za risasi hufyonza mwanga wa taa maalumu katika wimbi la nanomita 283.3. Ni njia ya zamani, iliyoasisiwa na Alan Walsh katika miaka ya 1950, na ni njia imara. Ila katika orodha ya bei imeandikwa tu "risasi kwenye maji", kwa bei moja, kana kwamba maji yote ni mamoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za risasi kwa lita, na mwali hauoni vizuri chini hivyo. Panahitajika tanuri dogo la grafiti, ambalo maabara hiyo inalo, kwa bei ya juu zaidi na kwa foleni yake. Kwa majaribio yetu, ambamo tunaanza na miligramu 50 kwa lita na kutazama mkaa ukizila, mwali unatosha kabisa. Lakini nilimkuta pale kijana kutoka shirika la mtaani aliyeleta maji ya visima saba, akalipia mwali, akarudi kwa wenzake na karatasi yenye sifuri saba. Alifurahi. Mimi sikufurahi kwa niaba yake.

Sifuri hizo ndizo lawama yangu kubwa katika chumba hicho. Ripoti huchapishwa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya mashine, na pale ambapo risasi haikuonekana huandikwa 0.000, na siku moja nilipewa hata -0.003, kana kwamba maji yetu yalikuwa yanaidai mashine. Maabara inayojiheshimu huandika kuwa kiasi kiko chini ya kikomo cha ugunduzi, na kutaja kikomo hicho ni kiasi gani. Nilipoeleza, walibadilisha fomu ya ripoti ndani ya mwezi mmoja, na kwa hilo nawapa heshima yao.

Nina desturi ambayo sikuwaficha baadaye. Katika kila kundi la sampuli huweka mbili za kumjaribu mganga: moja ni myeyusho niliouandaa mwenyewe kutoka kwenye kiwango kilichothibitishwa, nyingine ni maji yaliyokenekwa pekee yaliyopitishwa kwenye hatua zote kama sampuli nyingine. Zote huvaa namba za kawaida. Mara ya kwanza myeyusho wa miligramu 2.00 kwa lita ulirudi ukiwa 1.94, jambo lililonituliza. Maji matupu yalirudi na 0.21. Nilipanda ngazi nikiwa na hasira, nikishika karatasi kama hati ya mashtaka, nikamkuta mtaalamu wa chumba hicho, kijana mtulivu, ambaye aliniuliza chupa za kupimia tulizotumia chuoni hufanya kazi gani siku nyingine. Nilinyamaza. Chupa hizo ndizo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchanganyia nitreti ya risasi na iodidi ya potasiamu, ili waone ile njano inayong'aa ambayo kila mwanafunzi wa kemia huikumbuka mpaka uzeeni. Risasi ilikuwa yetu. Tangu siku hiyo tuna kabati la chupa za mradi, zinazolala katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku mzima kabla ya kuguswa, na maji ya mto tunayachukua kwa chupa za plastiki ngumu na kuyatilia asidi papo hapo hadi pH ishuke chini ya 2, ili metali isigande kwenye kuta.

Hadubini ya elektroni nitaipita haraka. Picha ni nzuri, mwendeshaji ni mchangamfu, na nusu ya muda unaolipia huishia kutafuta kipande cha mkaa kinachopendeza. Picha inayopendeza haithibitishi kitu. Mwombe akupigie sehemu kumi bila kuchagua, ukishaona kumi ndipo uamue ni ipi inayowakilisha.

Sasa nifike kwenye chumba kilichonichosha. Kupima eneo la uso wa mkaa hufanywa kwa kuuacha ufyonze gesi ya nitrojeni huku umezamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, katika nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuhesabu ni gesi kiasi gani imejipanga juu ya uso. Nadharia yake, ya Brunauer, Emmett na Teller, ni ya mwaka 1938. Nitrojeni hiyo ni ileile ambayo wahudumu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija huibeba kwenye mitungi yao huko Kiambu na Nyandarua, kwa hiyo si kitu cha ajabu nchini. Hata hivyo sampuli zetu tatu zilikaa wiki saba zikiisubiri. Kila nilipopiga simu niliambiwa "wiki ijayo", na nikagundua kuwa wiki ijayo ya chumba hicho ni ndugu wa kesho ya fundi wa nguo: ipo, ila haifiki. Hakuna aliyenidanganya kwa nia mbaya. Mtungi mkubwa ulikuwa unavuja, nitrojeni iliyonunuliwa Jumatatu ilikuwa imeisha Alhamisi, na aliyepaswa kuidhinisha mtungi mpya alikuwa safarini. Lakini mteja angeweza kuambiwa hivyo wiki ya kwanza, naye akajipanga.

Matokeo yalipokuja yalikuwa ukurasa mmoja wenye namba moja kwa kila sampuli. Sampuli yetu bora ilisomeka mita za mraba 912 kwa gramu. Niliomba data ghafi, yaani isothemu nzima, ile grafu ya gesi iliyofyonzwa katika kila shinikizo, nukta kwa nukta. Mtaalamu alishangaa kidogo, akasema wateja wengi huridhika na namba. Nilisisitiza, akanitumia, na chini kabisa ya faili nikakuta kile nilichokihofia: kiwango kisichobadilika cha mlinganyo, kinachoitwa C, kilikuwa hasi. Kiwango hicho kinatokana na nguvu ambayo uso huivuta gesi, na hakiwezi kuwa hasi. Kikiwa hivyo, maana yake ni kwamba mstari ulinyooshwa mahali pasipostahili. Programu ya mashine ilikuwa imewekwa kutumia shinikizo kati ya 0.05 na 0.30 ya lile linaloigeuza nitrojeni kuwa kimiminika, masafa yaliyozoeleka kwa unga wa kawaida, ilhali mkaa wenye vinyweleo vilivyo chini ya nanomita 2 hujaa mapema na unahitaji masafa ya chini zaidi. Nilikokotoa upya kwa kufuata vigezo vya Rouquerol, ambavyo huongoza uchaguzi wa masafa, C ikawa chanya, eneo likawa 985. Tofauti si kubwa, na mtu anaweza kusema nilipigania nukta. Ila ile 912 isingekuwa na mguu wa kusimamia kama mtu angeuliza imetoka wapi. Kwa ambaye hajazoea vipimo hivi, gramu moja ya mkaa huo, inayokaa kwenye kijiko cha chai, ina uso unaozidi kidogo ploti mbili za futi hamsini kwa mia, na hakuna broka anayeijua bei yake.

Tangu hapo ushauri wangu kwa kila anayepeleka mkaa, silika ya maganda ya mpunga wa Mwea, au unga wowote wenye vinyweleo katika maabara yoyote ya pamoja, ni kuandika kwenye fomu, katika kile kisanduku cha maelezo wasichokisoma, kwamba hutapokea ripoti isiyo na isothemu, uzito wa sampuli, na joto na muda uliotumika kuondoa unyevu. Wakati wa kulipa liandike sharti hilo tena.

Chumba cha nishati ni kipya na kinavutia, kina potenshiostati yenye njia nane, na ndicho chumba ambacho wageni hupelekwa kwanza. Mashine hiyo huchaji elektrodi na kuimaliza chaji mara maelfu, ikirekodi kila mzunguko, na kutokana na mteremko wa mistari hiyo unapata uwezo wa kuhifadhi chaji kwa kila gramu ya mkaa. Hapo kwenye "kwa kila gramu" ndipo penye shimo. Elektrodi zetu hubeba takriban miligramu 2 za mkaa, na mizani iliyo chumbani humo inasoma hadi miligramu 0.1, kwa hiyo tarakimu moja ikicheza huku au kule matokeo yako yanabadilika kwa asilimia tano kabla hujafanya chochote, na kwa kuwa uzito wa mkaa hupatikana kwa kutoa uzito mmoja kutoka kwa mwingine, kosa huongezeka. Mizani nyeti zaidi ipo, kwenye chumba cha tatu kutoka hapo, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake una mtu mmoja, na mtu huyo ana mkutano. Nimejifunza kufika saa mbili asubuhi, kabla mikutano haijaanza, nikazipima elektrodi zote za wiki kwa mpigo.

Kisha kuna stima. Jaribio letu la mizunguko 5,000 lilikufa kwenye mzunguko wa 3,812, alasiri moja ya mvua ya Aprili, taa zilipozimika kwa sekunde zisizofika kumi. Jenereta iliwaka kama ilivyopaswa. Kompyuta haikuzimika hata kidogo, kwa sababu ina betri yake ya dharura. Potenshiostati ndiyo iliyozimika, kwani hakuna aliyewaza kuichomeka kwenye betri ileile, na kompyuta ikaendelea kwa uaminifu mkubwa kurekodi ukimya usiku kucha. Siku mbili na nusu za muda uliolipiwa zilipotea hivyo. Walituachia turudie bila malipo, jambo la uungwana, na wiki iliyofuata nikaona waya wa potenshiostati umehamia kwenye betri. Kama unakwenda kufanya majaribio marefu mahali popote Nairobi, fuata waya kwa macho yako mpaka ukutani kabla hujawasha.

Kuna jambo moja dogo ambalo sikulitarajia na ambalo limenifanya niwavumilie kwa mengi. Mabaki yetu yenye risasi hayamwagwi kwenye sinki. Kuna mapipa matatu yenye vibandiko, kuna daftari la kuandika umeweka nini na kiasi gani, na mtu wa stoo, mzee asiyecheka ovyo, husimama hapo mpaka umalize kuandika. Mto Nairobi unapita si mbali, unaendelea kuungana na Athi, na maji hayo hufika baharini karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Kusafisha risasi kwenye glasi moja na kuimwaga kwenye bomba ingekuwa dhihaka, na mzee yule haruhusu dhihaka.

Je, bei yake inastahili? Kwa chumba cha eksirei, ningelipa zaidi. Kwa metali nzito bei ni ya haki, mradi ujue unanunua mwali au tanuri. Kwa hadubini, ni ghali kwa kile unachokipata. Kwa eneo la uso, bei si tatizo, tatizo ni nitrojeni na ile tabia ya kutoa namba bila ushahidi wake, na mpaka hayo yarekebishwe sitampeleka huko mwanafunzi mwenye tarehe ya mwisho karibu. Upande wa nishati una mashine nzuri kuliko utaratibu wake. Nikiulizwa kwa nini sihami, jibu langu ni kwamba kila nilipolalamika nikiwa na karatasi mkononi nilisikilizwa, na ni mara moja tu, ile ya chupa zetu wenyewe, ambapo nilistahili kuaibika, nao hawakuniaibisha.

Nimeweka nafasi nyingine ya Jumanne, mwali wa asubuhi, risasi, sampuli kumi na mbili. Mbili kati yake wanajua zipo. Ni zipi, sijawaambia.